Haki ya Shaha: Maisha ya Mir Sultan Khan na Mchezo wa Hastings

Utangulizi

Neno sataranji liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Waarabu nao walilipokea kutoka kwa Waajemi, na asili yake ya kale ni Sanskriti ya Bara Hindi, ambako chaturanga lilikuwa jeshi lenye viungo vinne: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Neno jingine la mchezo huo ni shaha, ambalo kwa Waajemi ni mfalme. Waswahili walilipokea wakalipa maana mbili. Shaha ni mfalme wa ubao wa sataranji. Shaha pia ni mtunzi wa mashairi aliyebobea hata malenga wenzake wakamkubali kuwa mkuu wao. Ushaha wa aina hii ya pili hautolewi kwa cheti. Hutolewa na wanaoijua kazi, baada ya kuisikia na kuipima.

Maisha ya Mir Sultan Khan, mchezaji wa sataranji aliyezaliwa Punjab mwaka 1903 na kufariki mwaka 1966, yanalileta swali hilo la ushaha mbele ya msomaji. Kwa miaka isiyozidi mitano alicheza Ulaya, akawashinda vigogo wa zama zake, kisha akarudi kwao na kunyamaza. Walioandika habari zake walimsifu, lakini aghalabu sifa zao ziliandamana na dosari moja: kwamba hakujua ufunguzi, yaani zile hatua za mwanzo ambazo wachezaji wa Ulaya walijifunza vitabuni. Makala haya yanasimulia maisha yake, yakiutazama kwa makini mchezo mmoja alioucheza mjini Hastings, Uingereza, kwa sababu katika mchezo huo dai la dosari ile linapata jibu.

Chimbuko lake

Sultan Khan alizaliwa Mitha Tiwana, katika eneo la Punjab lililokuwa chini ya utawala wa Waingereza na ambalo leo limo nchini Pakistani. Baba yake ndiye aliyemfundisha sataranji angali mtoto. Mchezo alioujua nyumbani, hata hivyo, haukuwa sawa kabisa na ule wa Ulaya. Kanuni za Kihindi zilitofautiana kati ya mahali na mahali, lakini yapo mambo yaliyokuwa ya kawaida. Kitunda, ambacho ndicho kete ndogo inayosimama mstari wa mbele kama askari wa miguu, kilisogea mraba mmoja tu hata katika hatua yake ya kwanza, ilhali Ulaya kilikuwa na ruhusa ya kuruka miraba miwili. Mfalme hakuwa na hatua ile ya kubadilishana nafasi na ngome ili apate hifadhi pembeni. Badala yake, aliweza kuruka mara moja kama farasi. Kitunda kilichofika mwisho wa ubao kiligeuka kuwa kete ya safu ile kilikofikia, wala mchezaji hakuchagua apendavyo.

Tofauti hizi si ndogo. Vitunda visiporuka, majeshi mawili huchelewa kukutana. Hatua za mwanzo huwa za kujipanga na kujenga maboma, na mapigano makali hucheleweshwa. Mchezaji aliyelelewa katika kanuni hizo hujifunza subira, hujifunza kuitazama sura ya ubao mzima, na hujifunza namna ya kumalizia mchezo kete zikiwa chache. Hapati sababu ya kukariri hatua kumi au kumi na tano za mwanzo, kwa kuwa hakuna anayemvamia mapema. Huo ndio uliokuwa mtaala wa Sultan Khan.

Kufikia umri wa miaka ishirini na mmoja alikuwa amejipatia jina kama mchezaji hodari kuliko wote katika Punjab. Sifa zake zilimfikia Sir Umar Hayat Khan, mwenye ardhi mkubwa, askari na mwanasiasa aliyekuwa karibu na serikali ya kikoloni, na mpenzi mkubwa wa sataranji. Umar Hayat alimchukua katika jamaa yake, akamkimu, na akahakikisha kwamba anajifunza kanuni za Ulaya. Mnamo 1928 Sultan Khan alishinda ubingwa wa Bara Hindi zima. Katika majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata, mfadhili wake alimchukua kwenda London.

London, 1929

Mwanzo haukuwa mwema. Yaliandaliwa mashindano madogo ya kumpa mazoezi, na Sultan Khan akaburura mkia pamoja na H. G. Conde. Waliomtazama waliona mtu anayesumbuliwa na baridi, anayezungumza Kiingereza kidogo mno, na anayezianza mechi zake kwa hatua zisizo na jina katika vitabu vyao. Wachezaji wawili wa Uingereza, William Winter na Frederick Yates, walichukua jukumu la kumsaidia katika hatua za mwanzo. Muda ulikuwa mfupi. Mambo ambayo mchezaji wa Vienna au Berlin aliyanyonya tangu utotoni kutoka magazeti na vitabu vya sataranji yalitakiwa yamwingie mgeni huyu katika wiki chache, tena kwa lugha asiyoimudu.

Miezi michache baadaye ulichezwa ubingwa wa Uingereza mjini Ramsgate, nao ulikuwa wazi kwa raia wa himaya nzima. Sultan Khan alitwaa ubingwa huo. Wengi walipigwa na butwaa. Mtu ambaye juzi alikuwa wa mwisho sasa alikuwa bingwa wa himaya iliyoitawala nchi yake. Alirudi nyumbani kabla ya mwaka kwisha, na mwezi wa Mei 1930 akawa tena Ulaya.

Kuanzia hapo mashindano yalifuatana. Mwaka huo wa 1930 aliketi katika ubao wa kwanza wa timu ya Uingereza kwenye Olimpiadi ya Sataranji mjini Hamburg. Mjini Liège, Ubelgiji, alichukua nafasi ya pili nyuma ya Savielly Tartakower. Mwisho wa mwaka ulimkuta Hastings, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza ambao kila msimu wa Krismasi ulikuwa na mashindano ya kualikwa.

Mchezo wa Hastings

Miongoni mwa walioalikwa katika mashindano ya Hastings ya 1930/31 alikuwa José Raúl Capablanca wa Kuba. Alikuwa bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, na kati ya 1916 na 1924 alikuwa amekaa miaka minane bila kupoteza hata mchezo mmoja wa mashindano. Kumshinda Capablanca halikuwa jambo la kila siku kwa mchezaji yeyote wa wakati ule, sembuse kwa mtu ambaye hakuwa amefikisha miaka miwili Ulaya.

Sultan Khan alikuwa na kete nyeupe. Capablanca alichagua mpango uitwao Kinga ya Kihindi ya Malkia, ambamo mweusi huchelewesha vitunda vyake na kumweka askofu wake pembeni ili autazame mstari mrefu unaokatiza katikati ya ubao. Jina hilo lina historia. Kinga za jamii hii ziliitwa za Kihindi kwa sababu ya wachezaji kama Moheschunder Bannerjee wa Bengal, aliyezitumia katika michezo yake mingi na John Cochrane, mwanasheria kutoka Uskoti, mjini Calcutta katikati ya karne ya 19. Kwa hiyo Mkuba alikuwa anamkabili mwana wa Bara Hindi kwa silaha yenye jina la Bara Hindi, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa elimu ya wasomi wa Ulaya.

Katika hatua ya tano Sultan Khan alikisogeza kitunda cha pembeni kabisa, upande wa malkia, kwa mraba mmoja. Mtu aliyefuata mafunzo ya vitabu vya siku zile angeweza kuiona hatua hiyo kuwa ya kupoteza wakati, kwa kuwa haitoi kete yoyote nje wala haigusi katikati ya ubao. Lakini ilikuwa na kazi yake. Mweusi katika ufunguzi huu hupenda kumleta askofu wake wa pili mbele ili ambane farasi wa mweupe, na farasi huyo ndiye mlinzi wa katikati. Kitunda kile kidogo kilimziba askofu njia kabla hajaondoka kwake. Baada ya hapo katikati ilikuwa mali ya mweupe.

Mchezo uliendelea kwa utulivu. Farasi wa Sultan Khan alimfuata askofu wa Capablanca akabadilishana naye, na vitunda viwili vya mweusi vikabaki vimepangana katika safu moja, kimoja nyuma ya kingine. Wachezaji wengi katika hali hiyo wangempeleka mfalme wao pembeni kwenye hifadhi. Sultan Khan alimwacha katikati, akaanza kuvisukuma vitunda vya upande wa pili kuelekea kwa mfalme wa mpinzani. Capablanca alizipanga ngome zake zote mbili katika safu moja iliyokuwa wazi, kisha akazitumbukiza ndani ya kambi ya mweupe. Alizitoa zote mbili, akapata malkia.

Kwa hesabu ya kawaida ya wachezaji, malkia ana thamani ya vitunda tisa na kila ngome ina thamani ya vitano. Biashara hiyo haikuwa ya hasara kubwa kwa yeyote. Mara nyingi mwenye malkia ndiye anayefurahia zaidi, kwa sababu malkia anaweza kupiga huku na kule kwa wakati mmoja, hasa pale mfalme wa mwenzake anapokuwa hana ngao. Capablanca alikuwa na sababu ya kutumaini.

Hapo ndipo malezi ya Punjab yalipojitokeza. Ubao ulikuwa umefungwa; vitunda vilikuwa vimekabiliana uso kwa uso, na njia za malkia zilikuwa chache. Malkia wa Capablanca alipenya upande mmoja akitafuta windo, akakuta kila kete imelindwa na nyingine, akalazimika kurudi nyuma. Sultan Khan hakuwa na haraka. Alimtembeza mfalme wake mwenyewe kama askari, akazileta ngome zake pamoja, akaibana nafasi ya mpinzani mraba baada ya mraba. Baada ya hatua zaidi ya sitini Capablanca alikubali kushindwa.

Mashindano yenyewe yalichukuliwa na Max Euwe wa Uholanzi, Capablanca akawa wa pili, na Sultan Khan wa tatu. Hata hivyo, mchezo unaokumbukwa kuliko yote ya Hastings mwaka huo ni ule. Capablanca mwenyewe aliandika baadaye kwamba mtu aliyefika pale kwa njia ngumu namna ile hakuwa na maelezo mengine ila kipaji kisicho cha kawaida.

Kile kitunda cha hatua ya tano kilikuja kupata heshima yake. Mpango wa kukisogeza mapema dhidi ya Kinga ya Kihindi ya Malkia ulitumiwa na Tigran Petrosian, bingwa wa dunia kati ya 1963 na 1969, na baadaye Garry Kasparov akaufanya silaha kali katika miaka ya 1980. Katika vitabu mpango huo hubeba jina la Petrosian. Sultan Khan, aliyeambiwa kwamba hajui ufunguzi, alikuwa ameucheza mbele ya bingwa wa dunia wa zamani miongo kadhaa kabla. Huenda hakuwa na jina la kuupa. Lakini alijua unachofanya, na huo ni ujuzi.

Kileleni

Mnamo 1931 Sultan Khan alikuwa tena katika ubao wa kwanza wa timu ya Uingereza, mara hii mjini Prague. Kati ya michezo 17 alishinda minane, akatoka sare saba, na kupoteza miwili tu. Miongoni mwa aliowaangusha walikuwa Salo Flohr na Akiba Rubinstein. Alexander Alekhine, aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo, alitoka naye sare. Mwaka huo huo alimshinda Tartakower katika pambano la watu wawili la michezo 12. Aliutwaa tena ubingwa wa Uingereza mwaka 1932 mjini London, na mara ya tatu mwaka 1933, safari hii Hastings. Wanahistoria wa mchezo humweka miongoni mwa wachezaji kumi bora wa dunia katika miaka hiyo.

Mwaka 1933 pia ulikuwa na tukio jingine lisilopaswa kusahauliwa. Ubingwa wa wanawake wa Uingereza ulichukuliwa na Fatima, binti aliyekuwa katika jamaa hiyo hiyo ya Umar Hayat na aliyejifunza mchezo humo. Nyumba moja kutoka Punjab ilikuwa na mataji yote mawili ya himaya, la wanaume na la wanawake, katika mwaka mmoja.

Licha ya ushindi huo, hali ya Sultan Khan haikuwa nyepesi. Maradhi ya malaria yalimrudia mara kwa mara, na baridi ya Uingereza ilimtesa kwa mafua na maumivu ya koo. Aidha, nafasi yake katika nyumba ya mfadhili wake imezua mjadala mrefu. Mchezaji Mmarekani Reuben Fine alisimulia kwamba timu yao ilialikwa chakula kwa Umar Hayat, na aliyewahudumia mezani alikuwa bingwa mwenyewe. Kutokana na simulizi kama hizo ilienea picha ya mtumishi asiyejua kusoma, aliyecheza kama kwa muujiza. Familia yake imeikataa picha hiyo. Kwa maelezo yao, Sultan Khan alitoka katika ukoo wenye ardhi na heshima ya kidini, na alijua kusoma na kuandika, ingawa si kwa lugha ya waliokuwa wakimwandika.

Ni muhimu kuuelewa uzito wa ubishi huu. Picha ya muujiza humsifu mtu na kumnyang'anya kwa mkono huo huo. Ikiwa bingwa hakusoma popote, basi ushindi wake hauna mwalimu, hauna mapokeo, na hauna nchi iliyoulea. Umeanguka kutoka mawinguni. Lakini Sultan Khan alikuwa na mwalimu, naye ni baba yake. Alikuwa na mapokeo, nayo ni sataranji ya Kihindi iliyochezwa kwa karne nyingi kabla ya vitabu vya ufunguzi kuchapishwa Ulaya. Alichokosa ni vitabu vya lugha moja na maktaba ya bara moja.

Kurudi na kunyamaza

Mwezi wa Desemba 1933 Umar Hayat alirudi Bara Hindi, na Sultan Khan akarudi pamoja naye. Mnamo 1935 alicheza pambano na V. K. Khadilkar, akashinda michezo tisa na kutoka sare mmoja. Baada ya hapo jina lake halikuonekana tena katika mashindano makubwa. Alikuwa na umri wa takriban miaka thelathini na miwili, umri ambao wachezaji wengi ndio kwanza hukomaa.

Umar Hayat alifariki mwaka 1944. Mwaka 1947 Bara Hindi liligawanywa, na shamba la Sultan Khan katika eneo la Sargodha likawa ndani ya Pakistani. Huko aliishi na mkewe na watoto wake akiwa mkulima. Inasimuliwa kwamba hakuwafunza wanawe sataranji, akitaka maisha yao yashike jambo lenye manufaa zaidi. Alifariki kwa kifua kikuu tarehe 25 Aprili 1966.

Wakati huo shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, lilikuwa limekwisha kuanzisha rasmi cheo cha bingwa mkuu. Mwaka 1950 lilipowatunuku wachezaji wa kwanza, lilimkumbuka Rubinstein, ambaye hakuwa amecheza mashindano ya kimataifa kwa miaka mingi, kwa heshima ya kazi yake ya zamani. Tartakower naye alipewa, na Flohr pia. Sultan Khan, aliyekuwa amewashinda wote watatu na alikuwa angali hai shambani kwake, hakuwamo. Aliishi miaka mingine 16 bila kupewa cheo chochote.

Mwezi wa Februari 2024 FIDE lilimtunuku Mir Sultan Khan cheo cha heshima cha bingwa mkuu. Ilikuwa imetimia miaka 57 tangu kufariki kwake, na zaidi ya miaka 90 tangu mchezo wa Hastings.

Hitimisho

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya Sultan Khan ilichelewa kwa sababu waliokuwa na mizani ya kupimia waliipima elimu kwa vitabu walivyovijua wao. Hatua isiyokuwamo vitabuni iliitwa ujinga, hata ilipokuwa imeshinda. Ilipoingia vitabuni ikapewa jina la mtu mwingine. Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, ambao wanashughulika kila siku na malenga wasioacha miswada, manju ambao majina yao yamepotea na tungo zilizohifadhiwa vifuani mwa watu, hadithi hii haina ugeni. Kazi ya mtafiti ni kuusoma mchezo wenyewe kabla ya kuuliza mchezaji alisomea wapi.

Hatua za mchezo wa Hastings zimehifadhiwa tangu ulipochezwa, na yeyote mwenye ubao anaweza kuzifuata moja baada ya nyingine. Akifika hatua ya tano, atakiona kitunda kidogo kikisogea mraba mmoja. Waliojua kazi, Capablanca akiwa wa mbele yao, walikwisha kumkubali aliyekisogeza. Kwa maana ya neno hilo katika Kiswahili, Sultan Khan alikuwa shaha tangu siku ile.